Waraka wa Sheikh Ahmad

Katika darasa yetu ya baada ya Sala ya Isha, mwezi uliopita, mmoja katika ndugu zetu alitoa simu yake mfukoni akatusomea maneno aliyopelekewa siku ile na jamaa yake. Hakuyasoma kwa mzaha. Alikuwa amekwisha kuyapeleka kwa watu kumi na wawili, na ameamrishwa kutimiza ishirini. Ila kabla ya kuwapelekea hao wanane waliobaki alitaka kujua sisi twasemaje. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akacheka, akasema, "Huyo ni Sheikh Ahmad. Marehemu baba aliletewa barua yake kwa jahazi."

Na kweli alikuwa ndiye. Watu wengi pale waliujua waraka ule tangu utoto wao, wengine kwa kuandikwa kwa mkono, wengine kwa kutolewa nakala kwa mashine na kuachwa msikitini juu ya rafu ya misahafu. Ndipo mwengine akauliza, "Hata ikiwa si kweli, yadhuru nini? Maneno yenyewe ni ya kheri. Yamwambia mtu asali, atoe Zaka, atubu kwa Mola wake." Swali hili ni zuri, na twakiri kwamba usiku ule hatukulijibu sawasawa. Haya tunayoyaandika leo ni jawabu iliyochelewa. Nasi tumeirefusha kwa makusudi, kwani mwenye kujifunza kuupima waraka mmoja huu atakuwa amepata mizani ya kupimia khabari nyingi nyingine zinazoingia majumbani mwetu kila siku.

Waraka wasimulia hivi. Mtu aitwaye Sheikh Ahmad, mtumishi wa Msikiti wa Mtume (s.a.w.) huko Madina, alikuwa akikesha usiku wa Ijumaa akisoma Qur'ani, usingizi ukamchukua, akamwona Mtume akimwambia kwamba anaona haya mbele ya Mola wake kwa maasi ya watu, na kwamba kutoka Ijumaa moja hata Ijumaa ya pili wamekufa watu 160,000 nje ya dini ya Kiislamu. Zikatajwa alama za Kiyama. Baada ya hayo waja moyo wa waraka wenyewe: atakayeunakili na kuupeleka mji hata mji atajengewa kasri Peponi; akiwa fakiri atatajirika, akiwa na deni atalipiwa, akiwa na dhambi atasamehewa yeye na wazazi wake; na asiyeunakili, uso wake utakuwa mweusi duniani na akhera. Mwandishi aapa kwa jina la Mwenyezi Mungu mara tatu kwamba ni kweli, na atoa hukumu kwamba mwenye kuukanusha amekufuru. Nakala nyingine zimetiwa na visa vya watu: fulani alitoa nakala kadha akapata mali, fulani aliupuuza akafiwa na mtoto. Kipande hiki cha mwisho twamwomba msomaji akiweke akilini, maana tutakirudia.

Mtu wa pwani hanunui samaki kwa sifa anazopigiwa na muuzaji. Hufunua shavu akatazama wekundu wake, akabonyeza nyama kwa kidole, akanusa, kisha ndipo akatia mkono mfukoni. Na muuzaji mwenye samaki mzuri hachukii, bali humgeuza mwenyewe upande wa pili apate kuonekana vyema. Hata dhahabu ya mahari hupelekwa kwa sonara ikapimwa, na hapana anayesema kwamba bibi arusi ametukanwa. Lakini khabari ikija imevaa kanzu na kilemba, mtu yule yule aliyekagua samaki wa shilingi mia tatu huipokea vivi hivi, na akiulizwa asema kwamba kuuliza ni upungufu wa imani.

Jambo hili lastaajabisha khasa kwa sababu sisi ndio umma uliofundishwa kupima khabari. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kwamba akitujia fasiki na khabari tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Na katika Suratul Israa, aya ya 36, tumekatazwa kulifuata tusilo na ilimu nalo, tukaambiwa kwamba sikio na jicho na moyo, vyote vitaulizwa. Wanazuoni wa Hadithi waliyashika maagizo haya wakayafanya ilimu kamili. Hawakumkubalia mtu maneno yake kwa uzuri wa maneno. Walimwuliza: umepokea kwa nani, na huyo kwa nani, na walikutana wapi, na huyo wa katikati hifadhi yake ilikuwaje, na je, alizaliwa kabla ya kufa yule anayedai kuwa alimsikia?

Yasimuliwa kwamba Imam Bukhari (aliyefariki mwaka 256 wa Hijra, sawa na 870) alipofika Baghdad, watu walitaka kumjaribu. Wakachukua Hadithi mia moja, wakazichanganya, hii wakaipa mapokezi ya ile, na ile ya hii, wakazigawa kwa watu kumi, kila mtu kumi. Wakamsomea mbele ya watu moja baada ya moja, naye kwa kila moja akajibu kwamba haijui. Wasiojua wakaona mgeni ameshindwa. Walipokwisha, akamgeukia wa kwanza akamrudishia Hadithi zake kumi, kila maneno kwa mapokezi yake ya kweli, kisha wa pili, mpaka akamaliza mia. Kisa hiki ni mashuhuri sana, na sisi twakipenda. Walakin haki yatupasa kusema kwamba Ibn Adi, aliyekipokea, alisema tu kuwa amekisikia kwa masheikh kadha bila ya kuwataja kwa majina, na wako wanazuoni waliotia neno katika mapokezi yake kwa ajili hiyo. Yaani hata sifa za Imam mwenyewe wamezipima kwa mizani yake.

Sasa tuurejee waraka wetu. Ndugu yetu ameupata kwa jamaa yake. Jamaa yake ameupata wapi? Katika kundi la simu. Aliyeutia katika kundi aliupata wapi? Hajulikani. Simu yenyewe imeandika juu yake kwamba ujumbe huu umekwisha kupitishwa mara nyingi, basi. Baina yetu na huyo Sheikh Ahmad hapana hata jina moja la mtu awezaye kuulizwa. Mmoja katika darasa akapinga akasema kwamba yeye aliletewa maneno hayo hayo na watu saba mbalimbali, nao hawawezi kuwa wamekubaliana kusema uwongo. Hapa pana kosa ambalo twaliona kila siku, tena kwa watu wenye akili zao. Watu saba walioona moto kwa macho yao ni mashahidi saba. Watu saba waliosomewa barua moja si mashahidi saba. Ni barua moja iliyosomwa mara saba. Wanazuoni walipozungumza juu ya khabari iliyopokewa na wengi hata haiwezekani kuwa wamekubaliana juu ya uwongo, waliweka sharti kwamba wingi huo uwepo katika kila tabaka, tangu wale wa mwanzo walioona au kusikia wenyewe. Wingi wa mwisho peke yake, hata wawe elfu, haumzidishii nguvu yule mmoja wa mwanzo asiyejulikana.

Njia ya pili ni ya tarehe, na hii hata asiyesoma Hadithi aweza kuitumia. Katika karne ya tano ya Hijra baadhi ya watu walimtolea waziri wa Khalifa huko Baghdad hati kongwe, wakidai kuwa Mtume (s.a.w.) aliwaandikia watu wa Khaybar kuwasamehe jizya, na mna majina ya Masahaba walioshuhudia. Jambo likawa zito, kwani ni nani atakayethubutu kuikataa hati ya Mtume? Waziri akampelekea Al-Khatib al-Baghdadi, mwanazuoni wa Hadithi aliyefariki mwaka 463 (1071). Naye akaitazama akasema ni ya uwongo. Akaulizwa amejuaje. Akajibu kwamba ndani yake mna ushahidi wa Muawiya, naye alisilimu mwaka uliofunguliwa Makka, ambao ni wa 8, na Khaybar ilifunguliwa mwaka wa 7. Tena mna ushahidi wa Saad bin Muadh, naye alikufa mwaka wa 5 baada ya vita vya Handaki. Hakuhitaji kupima karatasi wala wino. Maiti hashuhudii.

Ujumbe uliokuja katika simu ya ndugu yetu wasema ndoto imeotwa Ijumaa iliyopita. Lakini Mholanzi mmoja aliyesoma mambo ya Waislamu, Snouck Hurgronje, alichapisha mwaka 1884 maelezo ya waraka wa namna hii hii, wa ndoto ya Madina na wosia wa mwisho, uliokuwa umewafikia Waislamu wa Indonesia. Sheikh Rashid Rida, mwenye jarida la Al-Manar lililotolewa Kairo tangu 1898, aliulizwa juu yake akaukanusha. Na hapa kwetu Afrika Mashariki una historia ya huzuni. Mwaka 1908 nakala zake, kwa jina la Sheikh Ahmad yule yule, zilienea katika pwani ya kusini ya nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani, khasa upande wa Lindi. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilikuwa vimemalizika juzi tu, makaburi hayajakauka. Watu wakaingiwa na khofu ya Kiyama, na serikali ya Kijerumani ikaingiwa na khofu ya watu, ikidhani waraka ule ni mwito wa uasi mwengine. Carl Becker, mwanachuoni wa Kijerumani, alikusanya khabari zake akazichapisha mwaka 1911. Basi mwenye kuuliza "yadhuru nini?" ajue kwamba karatasi isiyo na mwenyewe iliwahi kutia mashaka mji mzima.

Ikiwa Sheikh Ahmad alikuwa mtu mzima mwenye kazi yake Madina mwaka 1908, basi Ijumaa iliyopita hakuota kitu.

Sheikh Abdul Aziz bin Baz, aliyekuwa Mufti Mkuu wa Saudi Arabia hata alipofariki mwaka 1999, aliandika risala nzima ya kuubatilisha waraka huu. Hoja zake za dini ni nyingi, lakini iliyotupendeza sisi kuliko zote ni ndogo: alikwenda kuuliza. Aeleza kwamba waliulizwa baadhi ya jamaa za Sheikh Ahmad anayetajwa, nao wakajibu kwamba amezuliwa, hakuyasema maneno haya kamwe, na amekwisha kufa zamani. Kwa miaka mingi mno watu wa miji mingapi waliunakili waraka huu, wakauogopa, wakaulilia, na ni wangapi waliofikiri kuuliza Madina? Na mahujaji wetu walikuwa wakienda huko kila mwaka.

Njia ya tatu ni kuyatazama maneno yenyewe. Mtu aliyelala ameletewa hesabu ya waliokufa nje ya Uislamu, na nakala nyingine zataja hesabu nyingine kabisa. Jambo moja la wiki moja haliwezi kuwa na hesabu mbili. Mwenye kunakili Qur'ani nzima kwa mkono wake, akaipeleka mji hata mji, hakuahidiwa popote kwamba deni lake litalipwa kwa sababu hiyo. Basi imekuwaje karatasi ya kurasa mbili ipewe daraja isiyopewa Kitabu cha Mwenyezi Mungu? Dini imekwisha kukamilishwa, kama ilivyo katika Suratul Maida, aya ya 3, wala ndoto ya mtu, awe nani, haileti faradhi mpya wala kufuru mpya. Ama kiapo cha mara tatu, hicho hakipimi kitu. Kadhi hakubali dai kwa sababu mdai ameapa barabarani. Humwuliza kwanza ana ushahidi gani. Na mwongo huona wepesi wa kuapa kuliko mkweli.

Lakini kwetu sisi alama kubwa kuliko zote ni ile hukumu ya kumkufurisha mwenye shaka. Nabii Ibrahim (a.s.) alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyohuisha wafu, na khabari yake imo katika Suratul Baqara, aya ya 260. Aliulizwa kwani haamini. Akajibu kwamba aamini, ila ataka moyo wake utulie. Hakutishwa, hakuambiwa amekufuru, alionyeshwa. Khabari ya kweli haina khofu ya kuulizwa. Khabari inayokuja na adhabu mkononi kwa mwenye kuuliza imekwisha kukiri yenyewe kwamba haina jawabu.

Hapo yule ndugu yetu akatuambia neno la haki, nalo ndilo linalowashika watu wengi. Akasema, "Maalim, mimi sikuamini sana. Lakini kupeleka ni kazi ya kugusa kidole tu, na tisho ni kubwa. Si heri mtu ajihifadhi?" Akaleta na mfano: mtoto akija mbio akisema nyumba yaungua, hatumwulizi ameyapokea kwa nani, twatoka kwanza. Mfano wake ni sahihi. Kila khabari hupimwa pia kwa hasara ya kuisadiki na hasara ya kuipuuza. Walakin mtoto yule, ukitoka nje, utaona moshi au hutauona. Maneno yake yana kitu cha kuyashuhudia. Tisho la waraka halina moshi. Tuseme kesho yaja karatasi ya pili, yenye kiapo mara kumi, isemayo kwamba atakayenakili waraka wa Sheikh Ahmad atapofuka macho. Utafanyaje? Utajihifadhi na ipi? Kuandika tisho kubwa hakumgharimu mwandishi zaidi ya kuandika tisho dogo. Wino ni ule ule. Ikiwa ukubwa wa tisho watosha kututii, basi tumemkabidhi hatamu yetu kila mwenye kalamu.

Isidhaniwe kwamba twawanyoshea kidole wenzetu tu. Sisi tunaojiita watu wa islahi tunacheka waraka wa Sheikh Ahmad, na huku tuna nyaraka zetu wenyewe, ila zimevaa suti. Ni wangapi katika sisi waliohadithia, tena juu ya mimbari, kwamba Neil Armstrong, Mmarekani wa kwanza kukanyaga mwezi mwaka 1969, aliisikia adhana kule juu, kisha alipoisikia tena katika mji wa Waislamu akasilimu? Armstrong mwenyewe alikanusha, na mwaka 1983 wizara ya mambo ya nje ya Marekani ilizipelekea ofisi zake katika nchi za Waislamu maelezo kwamba khabari hiyo si ya kweli. Tuliipokea kwa nani? Hatukuuliza, kwani ilitupendeza. Mtu huifunua shavu khabari asiyoipenda, na ile anayoipenda huitia kapuni mara moja.

Na kwa jambo hili hapana mfano ulio bora kuliko siku aliyokufa Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), katika mwaka wa 10 wa Hijra. Siku ile jua lilipatwa. Watu wa Madina wakasema jua limepatwa kwa msiba wa Ibrahim. Angalieni hali ilivyokuwa: baba mwenye huzuni, mji wote wamwamini, na mbingu yenyewe kama iliyotoa ushahidi kwa ajili yake. Kunyamaza tu kungetosha. Mtume hakunyamaza. Aliwaeleza watu kwamba jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Mambo mawili yalitokea siku moja, na yeye, ambaye angepata utukufu kwa kuyaunganisha, ndiye aliyeyatenganisha.

Kuunganisha mambo mawili kwa sababu yamefuatana ndiyo mlango mpana wa makosa, na visa vilivyotiwa katika waraka vyaingilia hapo. Natuseme waraka umefika katika nyumba mia za mtaa mmoja. Hamsini zimenakili na hamsini hazikunakili. Kwa muda wa mwaka mmoja, katika kila hamsini, nyumba tano zitapata riziki isiyotazamiwa na nyumba tano zitapata msiba, kwani hivyo ndivyo dunia ilivyo. Ni khabari zipi zitakazosafiri? Aliyenakili akatajirika atasimuliwa. Asiyenakili akafiwa atasimuliwa kwa sauti ya kunong'ona. Ama aliyenakili akafiwa, na yule aliyeupuuza akatajirika, hao hapana anayewataja, maana visa vyao havina ladha. Mwenye kutaka kujua ukweli lazima awaulize hao wasiotajwa. Na hivyo ndivyo yatakiwavyo kwa dawa pia. Mtu akisema fulani alikunywa majani kadha sukari ikashuka, tuulize: ni wangapi waliokunywa haikushuka? Na huyo fulani, je, aliacha sindano zake au alikuwa akizitumia vile vile? Kuna watu wamezikwa kwa sababu maswali mawili haya hayakuulizwa.

Hapa mimi mwandishi naomba ruhusa niseme kwa nafsi yangu, kwani jawabu ya "yadhuru nini" niliipata nyumbani kwetu.

Nilikuwa na shangazi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka 1961, mwaka wa mvua kubwa zilizoleta mafuriko Kenya nzima, jirani alimletea waraka huu. Shangazi alikuwa akisoma Qur'ani lakini hajui kuandika, na mumewe yu safarini na jahazi. Akaufunga katika pindo la leso, akanuia kwamba mume akirudi atamwandikia. Kabla ya mume kurudi, mtoto wao wa kiume wa miaka minne alishikwa na homa, ikaingia degedege, akafa usiku wa tatu. Jirani yule alikuja matangani, akamkalia karibu, akamwuliza polepole, "Ule waraka uliunakili?"

Hakumwambia mtu, hata mumewe. Alikaa na neno lile zaidi ya miaka thelathini. Mimi nililijua kwa bahati: nilimletea nakala ya waraka niliyoiokota msikitini, nikamsomea huku nikiucheka, kama anavyocheka kijana aliyesoma kidogo akajiona. Nilipoinua macho nikamwona amejifunika uso kwa leso. Ndipo akanihadithia.

Nilimweleza yote niliyoyaandika hapa juu, mapokezi na tarehe na Al-Manar, naye akanisikiliza kwa adabu, wala hayakumtoa mzigo. Mwisho nilimwuliza, "Shangazi, mvua ile, ni watoto wangapi waliokufa kwa homa hapa mtaani?" Akaanza kuwahesabu kwa vidole, nyumba baada ya nyumba, kwa majina ya mama zao. Alipofika kwa jirani yule aliyemletea waraka akasita, kidole amekishika. Binti wa jirani alizikwa mwezi uliofuata. "Naye," akasema, "aliandika nakala saba. Mimi mwenyewe nilimpa makaratasi." Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia, "Mwanangu, mbona mimi sikumwuliza yeye?"

Ndugu yetu wa simu, baada ya darasa ile, hakuwapelekea wale wanane. Aliwaandikia wale kumi na wawili kwamba aliyowapelekea hayana asili, na kwamba awataka radhi. Wanane hawakujibu. Watatu walimshukuru. Mmoja alimjibu kwa kumpelekea waraka wa Sheikh Ahmad, wa Ijumaa hii.